Majirani wa Ipagala: maji ya ndege

Mama Neema: Habari za asubuhi majirani. Huu ukavu wa Septemba umewazidi ndege, nikaweka beseni la maji chini ya mwarobaini. Siku ya tatu leo tetere wanalizunguka tu. Wanaoingia ni nyuki, tena wanazama. Nimekosea wapi?

Mzee Yohana: Beseni lina kina mno, halafu plastiki inateleza. Ndege hakanyagi asipopaamini. Tafuta kigae cha mtungi au kisahani cha udongo cha chungu cha maua. Katikati maji yafike upana wa vidole viwili, ukingoni yalowanishe kucha tu.

Mama Neema: Katikati si nipunguze zaidi?

Mzee Yohana: Mtazame tetere akinywa. Anazamisha mdomo anavuta mfululizo, kichwa hakiinuki. Mnana anachota tone, anainua shingo ndipo anameza. Mnana ukingo unamtosha, tetere anataka kina kidogo. Na huyo ni mla punje kavu, maji kwake ni ya kila siku.

Dada Rehema: Shikamoo mzee. Mama Neema, ongeza mawe matatu manne, migongo yake ibaki mikavu juu ya maji. Nyuki atatua hapo, atakunywa, ataondoka. Bila jiwe anatua majini, mabawa yakilowa ndiyo basi.

Mzee Yohana: Marahaba mwanangu.

Mama Neema: Wakizidi? Watoto wanacheza hapo.

Dada Rehema: Usipulize dawa! Nyuki akishajua maji yalipo anarudi palepale. Watengee sahani yao yenye mawe kando ya hiyo, wakishaizoea uisogeze hatua moja kila jioni wakisharudi mzingani, mpaka kule uani. Ya ndege jaza saa 12 asubuhi, iondoe jua likipanda, irudishe saa 11 jioni. Nyuki wengi huja kwenye joto la mchana.

Dada Rehema: Halafu paka. Pawe wazi hatua tatu kutoka kichaka chochote, ila pawe na tawi la karibu la kurukia juu.

Baba Juma: Nyie waiteni ndege, zabibu zangu ndiyo karamu.

Mzee Yohana: Zikiiva watakuja hata pasipo maji, kwezi na kuzumburu wanafuata utamu. Funika wavu, uukaze kama ngozi ya ngoma, matundu yasipitishe kidole. Ukining'inia ovyo unanasa miguu ya ndege, hata nyoka. Kagua asubuhi na jioni. Na bomba la kupulizia dawa usilisuuzie karibu na hayo maji.

Baba Juma: Hilo la bomba nimelipokea.

Mama Neema: Maji nabadilisha baada ya siku ngapi?

Dada Rehema: Kila siku. Yai la mbu kwa joto hili linaweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi. Mwaga yote, usiongezee juu ya ya jana, maana vumbi na kinyesi vinabaki chini. Ute wa kijani sugua kwa brashi ngumu na mchanga, suuza, anika juani. Sabuni hapana.

Mama Neema: Asanteni. Sasa kigae nakipata wapi, mitungi yenyewe siku hizi ni ndoo.

Baba Juma: Kipo kwangu, nusu ya mtungi wa marehemu mama. Mtume Neema aje achukue, ila mkiweke upande wenu wa mbali na zabibu.