Bwana shamba napimwa kwa makaratasi, mahindi hayana habari. Nani anaweka haya malengo?

Wakuu, habari za jioni. Humu jukwaani nimekuwa msomaji tu kwa miaka, leo nimeshindwa. Mimi ni afisa ugani wa kata, Kanda ya Kati. Halmashauri siitaji, na atakayenitambua kwa uandishi naomba ajikaushe, nina watoto wawili sekondari.

Leo asubuhi sijapiga hata mswaki, kundi la WhatsApp la idara likalia: "Maafisa ugani wote, taarifa ya robo iwasilishwe leo. Tija iendane na lengo." Isomeni tena hiyo ya mwisho. Hajasema tija, yaani mavuno kwa hekta, iendane na shamba. Kasema iendane na lengo. Na watu 20 na kitu wakajibu "Imepokelewa mkuu", mimi nikiwemo.

Kwa msiojua kazi yetu: kila mwezi na kila robo mwaka tunajaza jedwali. Kuna safu ya lengo, safu ya utekelezaji, safu ya asilimia, na safu ya changamoto, ambayo ni nyembamba kuliko zote. Hekta zilizolimwa, tani zilizovunwa, wakulima waliofundishwa, mashamba darasa (ya kufundishia wakulima), sampuli za udongo. Taarifa inatoka kijijini, inaingia kata, inaenda wilayani, inaingizwa kwenye mfumo, inapanda mkoani na wizarani. Huko juu inajumlishwa na kusomwa bungeni mtu akiwa amevaa suti. Hapa chini mwanzo wake ni mimi, kalamu, na pikipiki isiyo na mafuta.

Sasa niwaambie kisa kilichonikaa rohoni, maana nikilalamika kwa jumla mtasema ni majungu.

Msimu wa 2021/22 mvua zilitusaliti. Mnakumbuka. Mahindi yalifika magotini yakaanza kukunja majani, na yaliyobaki viwavijeshi vamizi vikajihudumia. Wakati wa kuvuna nikaamua mwaka huu sikadirii kwa macho, nitapima. Nikachukua kamba ya katani, vigingi vinne na mizani ya kuning'iniza niliyoazima kwa mnunuzi wa kuku. Mraba wa mita 5 kwa 5. Mashamba 12, vijiji vitatu kati ya vitano, kwa siku tisa. Unavuna kila hindi lililomo ndani ya kamba, unapukuchua, unapima.

Kwenye shamba la mama mmoja mjane, mraba ulitoa kilo 2.1. Akaniangalia nikipiga hesabu kwenye simu, akauliza, "Mwanangu, ni nyingi au kidogo?" Kilo 2.1 mara 400 ni kilo 840 kwa hekta. Kwa ekari moja ni gunia tatu na kitu, za kilo mia. Yeye ana ekari moja na wajukuu wanne. Na shamba lake lilikuwa la katikati kwa mavuno, kuna waliopata pungufu ya hapo.

Wastani wa mashamba yote 12 ukaja hapohapo, tani 0.84. Lengo nililokuwa nimepangiwa kwa mahindi: tani 2.5 kwa hekta. Nikaandika 0.84, safu ya asilimia nikaandika 34, kwenye changamoto nikaeleza mpaka nafasi ikaisha nikageuza karatasi. Nikaipeleka kwa mkono wangu nikijiona shujaa.

Ilirudi baada ya siku mbili. Hakuna aliyeuliza nimepimaje. Hakuna aliyetaka kuona daftari. Mkubwa wangu wa idara alinipigia: "Wewe kata yako ndiyo itakayotuangusha wilaya nzima? Wenzako wote wako juu ya 90. Rekebisha." Nikamwambia mkuu, wenzangu hawajapima. Akasema, "Na wewe nani alikutuma kupima?"

Nilirekebisha. Ndiyo, nilirekebisha, nitukaneni. Nikaandika 2.3, asilimia 92. Kata yangu ina hekta 1,200 za mahindi kwa mujibu wa jedwali hilohilo, kwa hiyo kwa kufuta namba moja nilizalisha tani 1,752 ambazo hazikuwahi kuota popote. Hakuna mkulima wa mfano nchi hii aliyewahi kunifikia.

Mngedhani yameishia hapo. Mwanzoni mwa 2023 bei ya mahindi ikapaa, NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, wakaanza kuuza mahindi ya akiba kwa bei nafuu kwenye maeneo yenye upungufu. Wilayani wakakaa kupanga kata zipi zipewe vituo. Yetu haikuwemo. Kwenye karatasi sisi tulikuwa na ziada! Mwenyekiti wa kijiji akanifuata nyumbani usiku, hajakaa hata kwenye kiti, akauliza hiyo ziada iko wapi akaichukue. Nilimjibu nini? Nilimwambia takwimu ni za wilaya. Uongo juu ya uongo. Yule mama nilikuwa nakutana naye njiani anakwenda kununua unga wa kupima kwa kikombe, nabadilisha njia.

Halafu msimu uliofuata, lengo jipya likashuka kutoka wilayani: tani 2.75. Unajua limetoka wapi? Wamechukua ile 2.3 yangu ya kughushi wakaona inaenda vizuri, wakapandisha 2.5 kwa asilimia kumi. Yaani uongo wangu ndiyo msingi wa mipango. Hakuna aliyekuja kutazama udongo, wala kuuliza wangapi wamenunua mbegu bora na wangapi wamepanda za ghalani.

Haya mashamba darasa nayo. Napimwa kwa idadi ya wakulima "waliofikiwa", 200 kwa robo. Uthibitisho ni karatasi ya mahudhurio na picha. Robo iliyopita nilikuwa nimebakiza 60, siku zimekwisha. Nikaenda kwenye mkutano wa bomba la maji, nikazungusha karatasi yangu. Mzee mmoja akauliza, "Bwana shamba, hii ya leo ni ya mbegu au ya maji?" Nikamwambia weka sahihi tu mzee wangu. Picha ikapigwa, bango likashikwa. Asilimia 100. Wakati huohuo siku tatu nilizokaa na vijana wanane nikiwaonyesha kukagua viwavijeshi katikati ya majani machanga ya mhindi kabla havijazama, zile zimeingia kama watu wanane. Asilimia nne. Kwa mfumo huu mimi nikifundisha kweli ni mzembe, nikizungusha karatasi ni hodari.

Sipingi kupimwa. Kuna watumishi wanalipwa na hata kijiji cha tatu hawakijui, wapimwe hata kesho. Fomu za OPRAS, za kupima utendaji wa mtumishi, nilizikuta kazini, zilikuwa za kujazwa Juni kwa haraka na kugongewa muhuri, kila mtu anajua. Ilipokuja PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi yake, mwaka 2023 nilifurahi, nikasema sasa kazi itaonekana. Kinachoonekana ni kwamba nimeingia kwenye mfumo, nimeandika majukumu yangu, msimamizi ameidhinisha. Mtandao kwetu unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zahanati. Nimetumia Ijumaa nzima pale kuonyesha kwamba nilifanya kazi, na Ijumaa hiyo sikufanya kazi.

Haya malengo yanayoshuka kutoka juu hayakuanza jana. 2013 tulikuwa na mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa: mashamba makubwa ya biashara 25, skimu za mpunga 78, maghala ya mahindi 275. Walau ghala ukifika unaliona, lipo au halipo. Kujua ndani kuna mahindi ya nani na aliuza kwa bei gani, hiyo haikuwa kwenye safu. 2014 wakuu wa nchi za Afrika kule Malabo, Guinea ya Ikweta, wakaafikiana kilimo kikue asilimia 6 kwa mwaka. Sasa tuna Ajenda 10/30 ya wizara, kilimo kikue asilimia 10 ifikapo 2030. Mwaka 2023 kilimo chetu kilikua asilimia 4.2. Bajeti ya wizara imepanda kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni moja 2024/25, na hilo napongeza kwa dhati, mbolea ya ruzuku watu wameipata, pikipiki tuligawiwa Aprili 2022 na vifaa vya kupimia udongo. Lakini hiyo kumi ikishaondoka Dodoma, kila ngazi inaigawa kwa kikokotoo mpaka inanifikia mimi, na mimi sina wa kumgawia isipokuwa mvua.

Kile kifaa cha udongo, ninavyoongea, hakitumiki, kwangu ni kiti cha mgeni. Lengo la sampuli 50 kwa robo lipo palepale.

Na kuna jambo dogo hamtaliona mkiwa mjini. Mkulima nikimuuliza kavuna kiasi gani, ananiambia gunia nane. Gunia gani? La debe sita au la lumbesa lenye kilemba? Au ametoa tayari ya vibarua na ya kulipa deni la mbegu? Ukiuliza hayo yote unatumia nusu saa kwa mtu mmoja. Kata yangu ina kaya zaidi ya elfu mbili, vijiji vitano, niko peke yangu, ingawa kila kijiji kinatakiwa kiwe na wake. Kwa hiyo tunakaa chini ya mwembe na watendaji tunakadiria. Mkadiriaji mwenye njaa ya asilimia 90 anakadiria nini?

NIMEONGEZA: Mdau hapo chini kasema niandike ukweli na nisimamie. Ndugu yangu, niliandika. Mwingine anauliza kwa nini tusipimiwe mashamba machache kila kata kwa kamba na mizani, akaja mtu wa kata nyingine kuhakiki. Hilo ndilo ningelitaka, hata mashamba 10 tu. Kamba ninayo, mizani nitaazima tena kwa mtu wa kuku.

Wasimamizi msiunganishe uzi huu na ule wa posho, sizungumzii posho. Nawauliza mabwana shamba wenzangu mlioko humu, najua mko wengi: yupo aliyewahi kupeleka namba ya chini ikapokelewa bila kurudishwa? Uliandikaje? Taarifa yangu ya robo bado iko kwenye simu, kisanduku cha tija hakijajazwa, na mkubwa ameshauliza mara mbili.