Je, Mkristo aitikie amina kwa kitanzi cha wizi wa mabavu?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Jumapili baada ya ibada, hapa Kisauni, mazungumzo yalipamba moto. Yalihusu vijana wa mapanga wanaopora watu. Mzee mmoja wa kanisa akasema wanyongwe wote, akataja Mwanzo 9:6: amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake itamwagwa. Watu wakaitikia amina. Mimi nilishindwa.

Aya ile ni damu kwa damu. Sheria yetu imeipita. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chasema ukiiba kwa nguvu na una silaha hatari, au mko zaidi ya mmoja, au umempiga mtu, hukumu ni kifo, hata kama hakuna aliyekufa. Simu na panga vyatosha. Katika Kutoka 22, aliyeiba ng'ombe akamchinja alilipa ng'ombe watano.

Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapa hapa Mombasa, ilikataa jaji afungwe mikono amhukumu kifo kila muuaji. Mahakama ya Juu ikasema vivyo hivyo Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu. Lakini 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji pekee. Kwa hiyo aliyeua, jaji humpimia adhabu. Aliyepora kwa panga hapimiwi. Tena mwenye kesi ya mauaji hupewa wakili, ilhali wengi wa wizi wa mabavu hujitetea wenyewe mbele ya hakimu.

Msiniambie hakuna aliyenyongwa tangu 1987. Hukumu zinatolewa bado. Rais Kibaki alizigeuza zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha mwaka 2009, na kufikia 2016 Uhuru Kenyatta alikuwa na nyingine 2,747 za kugeuza. Mnasemaje?

*Jibu kutoka Likoni*

Dada, mdogo wangu alikatwa panga akitoka kazini usiku. Vidole vitatu havifanyi kazi. Wanihesabia ng'ombe? Kutoka hiyo hiyo yasema mkono kwa mkono, na Warumi 13:4 yasema mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Halafu nyinyi wa huruma mwaenda gereza la Shimo la Tewa na sabuni na nyimbo. Kwetu hakuja hata mtu mmoja wa kanisa.

*Mwenye mada*

Kaka, pole sana wewe na mdogo wako. Hilo la mwisho limenichoma kwa sababu ni kweli, na sina la kujitetea.

Upanga wa Warumi siukatai. Akamatwe, afungwe, hata miaka mingi. Lakini mkono kwa mkono uliokoma mkononi, haukufika shingoni. Na kabla ya aya hiyo ipo nyingine tunayoiruka, Kutoka 21:19: aliyemjeruhi mwenzake amlipe muda aliopoteza, amuuguze hadi apone kabisa. Mdogo wako amelipwa na nani siku alizokosa kazi? Bili ya hospitali mliichangisha wenyewe, sivyo? Mtu huyo akitiwa kitanzi, bili ile inabaki kwenu vile vile. Haki ninayoidai kanisani ni ile inayomfikia aliyeumizwa kwanza, na sisi wa sabuni na nyimbo tuanzie hapo.

Kama mtanikubalia, Jumamosi nitavuka na feri ya asubuhi pamoja na akina mama wawili wa kikundi chetu. Nielekeze tu mnakokaa, kwa ujumbe wa faragha.