Tamasha la kiingilio kwenye bustani ya umma: mtindo upi unatubana kidogo?

MamaKisauni
Wakuu, za jioni. Halmashauri yetu huku kusini mwa London imetuletea fomu ya maoni. Kuna waandaaji wanataka kupiga muziki siku 3 ndani ya bustani, kwa kiingilio. Ni bustani ambayo wanangu huikata kila asubuhi wakienda shule.

Mwaka jana walishafanya. Muziki wenyewe ulikuwa wikendi moja, ila uzio wa chuma, ule mrefu usioweza hata kuchungulia, ulisimama karibu wiki 3. Malori yalikuwa yakirudi nyuma huku yakilia pii-pii tangu watu hawajanywa chai. Mwanangu mdogo wa miaka 6 akaniuliza, "Mama, hizi nyasi zimefungwa kwa kosa gani?" Sikuwa na jibu.

Sipingi muziki, mimi mwenyewe taarabu ikilia sikai. Nauliza tu: wafunge wauze tiketi kama kawaida, waweke bure kwa pesa za mfadhili, wachanganye (viti vya kulipia, nyasi bure), au wenyeji wa mtaa walipe bei yao? Kwenu wanafanyaje? Fomu inafungwa Ijumaa.

Mbeba_Boksi
Dada, niko Chicago, na hapa mitindo miwili inapakana. Grant Park kuna Lollapalooza, siku 4 za kiangazi. Huna tiketi, unazunguka nje ya uzio. Sasa vuka upande wa kaskazini uingie Millennium Park. Pale kuna jukwaa la Pritzker, lile la mabati ya fedha yaliyokunjamana kama karatasi. Mbele kuna viti kama 4,000, nyuma uwanja wa nyasi wa watu 7,000. Juu ya nyasi wamepitisha mabomba ya chuma mithili ya paa lisiloezekwa, na spika zinaning'inia humo. Kwa hiyo aliyelala kwenye mkeka mwisho kabisa anasikia violini karibu sawa na wa mbele. Ile Grant Park Music Festival, iliyoanza 1935, wanapiga hapo. Wanachama wanalipia viti vya karibu na jukwaa, nyasi ni bure.

Mimi hubeba chapati na chupa ya chai, naenda na familia nzima. Kura yangu ni mchanganyiko. Lakini ujue lile jukwaa ni la kudumu, hakuna malori ya kujenga na kubomoa kila mara. Kwenu wataanzia udongo mtupu.

Ghuba_ya_Oakland
Naongezea la San Francisco. Golden Gate Park ina tamasha la Outside Lands, la kiingilio, tangu 2008. Bustani hiyohiyo ina Hardly Strictly Bluegrass tangu 2001, bure kabisa, kwa sababu tajiri mmoja, Warren Hellman, aliamua kuigharamia mwenyewe. Alifariki 2011 akiwa ameacha fungu la kuiendeleza, na bonde wanalopigia sasa linaitwa kwa jina lake. Mtindo mtamu sana huo, shida ni moja tu: mtafute kwanza huyo Hellman wenu.

Mwana_Shangani
Bibi weye, huku Unguja tuna Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, kila Februari tangu 2004. Mgeni analipa bei yake, Mtanzania analipa ndogo zaidi, na gwaride la ufunguzi linapita njiani, la kila mtu. Ngome si bustani, najua, lakini mlangoni tu ndipo ilipo bustani ya Forodhani. Usiku wa tamasha mie hukaa kwenye ukuta wa bahari na bakuli la urojo, ngoma nazisikia zote. Sura ya mwimbaji tu ndiyo siioni.

Ila msiione bei ya wenyeji ni dawa ya kila kitu. Tamasha hili linasimama kwa wafadhili pia, na 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Na hiyo bei ndogo, kwa mtu mwenye watoto wanne, bado anaihesabu mara mbili.

Msee_wa_Jogoo_Road
Nitaenda kinyume na nyinyi. Mimi nataka uzio! Hapa Nairobi nimewahi kuingia shoo ya bure kwenye bustani moja, sitaitaja. Geti moja, watu kama siafu, mama mmoja akapoteza kiatu na karibu apoteze mtoto. Kiingilio hata cha soo mbili (shilingi mia mbili) kingefanya waandaaji wajue wanapokea watu wangapi.

Halafu mnasahau nauli. Shoo ikiisha saa sita usiku, matatu zimepandisha mara mbili. "Bure" ya mtu wa Kayole na "bure" ya mtu anayetembea kwa miguu hadi kwake si moja.

Lakini ardhi ya umma tusicheze nayo. 1989 walitaka kupanda jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai akakataa hadi likafa. Kanjo, yaani mtu wa halmashauri, akikuambia "ni ya muda tu", muulize inaisha tarehe ngapi.

Wakili_wa_Kibarazani
Msee amegusa penyewe. MamaKisauni, wewe unahesabu bei na sheria inahesabu siku. Soma habari ya Brockwell Park, hukohuko kusini mwa London. Kanuni za mipango zinaruhusu ardhi itumike kwa shughuli ya muda hadi siku 28 kwa mwaka bila kuomba kibali kamili. Halmashauri ya Lambeth ikayapitisha matamasha ya kiangazi cha 2025 kwa njia hiyo. Mkazi mmoja akaenda Mahakama Kuu. Ukijumlisha kujenga na kubomoa, siku zilikuwa 37. Mei 2025 jaji akasema uamuzi wa halmashauri hauna mantiki. Matamasha yenyewe yalipigwa vilevile mwaka ule, usije ukadhani jaji aling'oa uzio.

Upande wa pili, Finsbury Park ya kaskazini mwa London, kwenye tamasha la Wireless, wakazi walifika hadi mahakama ya rufaa, na 2017 wakashindwa: halmashauri inayo mamlaka ya kukodisha sehemu ya bustani. Kwa hiyo usiandike "hawaruhusiwi", watakurushia kesi hiyo usoni. Andika siku.

MamaKisauni
Ahsanteni. Mwana_Shangani, urojo umenitia njaa saa hizi, Mungu anakuona.

Fomu ina kisanduku cha herufi 500, kwa hiyo nimebana. La kwanza: uzio usizidi siku 10 tangu nguzo ya kwanza ishuke kwenye lori hadi ya mwisho ipande. La pili: njia ya shule ibaki wazi hata kama ni ujia wa mita 2. La tatu: mchana mmoja kati ya hizo siku 3, geti liwe wazi kwa wenye anwani za mtaa, jukwaa si lipo tayari? Bei za tiketi sikuzitaja kabisa.

Msee_wa_Jogoo_Road
Na nyasi? Nani anapanda tena?

MamaKisauni
Uwiii. Zimebaki herufi 31.