Uliomba karatasi (kibali) ya onyesho dogo Lubumbashi, Kongo? Tupeane uzoefu

Mwenye mada, Kamalondo
Jambo yenu wote. Tulitaka kufanya jioni ya mashairi na gitaa katika lupangu (uwanja wa nyumba) ya shangazi. Viti arobaini vya kukodi, bafle (spika) mbili, pombe hakuna. Nikadhani barua moja kwa bugumesta (mkuu wa komini, yaani wilaya ya mji) inatosha. Kumbe mkuu wa kartye (mtaa) anataka yake, watu wa utamaduni yao, polisi yao, na kila meza ina "pesa ya faili". Tikiti ilikuwa franka 2,000. Mara arobaini ni 80,000, na mimi nilishatoa zaidi ya hapo kabla gitaa halijaguswa. Ninyi ilikuwaje? Nataka yaliyowapata, "vumilia tu, ndugu" nimeshaisikia ya kutosha.

Fundi sono (vyombo vya sauti), Katuba
Bafle ndiyo inaita wakubwa. Kuna vijana walicheza tamthilia bila maikrofoni, watu wamewazunguka kama kwenye ngoma, hakuna aliyeuliza karatasi. Wiki iliyofuata wakanikodi mimi. Saa moja na nusu usiku, jeep ya polisi getini. Mikseri yangu nilikuja kuiona tena siku ya nne, baada ya matabishi (hongo) ambayo sitayataja hapa. Siku hizi mteja hajasema bei, nimeshamuuliza karatasi iko wapi. Mashairi ni yake lakini vinavyobebwa ni vyombo vyangu.

Dada wa Kenya (komini ya hapa mjini, siyo nchi)
Kaka yangu anasomea sheria. Akatuonyesha Katiba ya 2006, kifungu cha 26: mkusanyiko wa barabarani au mahali pa wazi, unaijulisha serikali kwa maandishi. Unaijulisha, huiombi. Basi tukaandika barua, juu kabisa "Taarifa". Karani akaisoma yote polepole, akachukua kalamu, akalikata lile neno, akaandika "Ombi", akaturudishia tukaipige upya. Hakukasirika hata kidogo. Alikuwa kama mwalimu anayesahihisha imla.

Mpita njia
Dada, kifungu hicho ni cha waandamanaji. Ukishauza tikiti, machoni pao wewe ni mfanyabiashara. Halafu usisahau, tangu 1996 kuna tume ya taifa ya kudhibiti nyimbo na maonyesho.

Dada wa Kenya
Sawa, basi wanitoze kama mfanyabiashara mdogo! Mama wa nyanya anakata tikiti yake ya soko ya siku, anaachwa auze. Sisi watu arobaini tunapimwa kwa kipimo cha anayejaza uwanja. Wenzetu wawili wameacha kabisa. Mwingine anaandika "sikukuu ya kuzaliwa" kwenye barua, na keki anaileta kweli, ili mtu akichungulia aione.

Papa wa Ruashi
Watoto wangu, mji huu ulichekeshwa na Mufwankolo na kundi lake kwa Kiswahili chetu hiki hiki, kwa hiyo msiseme tamthilia ni kitu cha kuingizwa na ndege. Yangu ni haya. Marufuku ya kutoka usiku ya korona, ile ya Desemba 2020, ilituzima. Tulipoweza kucheza tena marufuku bado ikiwepo, tukahamia Jumamosi saa nane mchana, tena kwa hofu: nani ataangalia tamthilia juani? Wakaja mama na watoto mgongoni, wakaja wanafunzi, akaja hadi mzee mmoja aliyesema usiku macho hayamsaidii. Marufuku ikaondoka, sisi hatukurudi usiku. Na mchana, sijui kwa nini, jeep haina hamu nasi.

Wa Goma
Huku utawala wa kijeshi ulipoanza, Mei 2021, kiti cha meya kilikaliwa na afisa wa polisi. Unayemwandikia na atakayekuja kuzima sono wakawa watu wa nyumba moja. Sisi tukaandika "mazoezi ya kwaya". Mara ngapi, msiniulize.

Mwenye mada
Papa, aksanti kwa hiyo saa nane mchana. Shangazi amekubali lupangu tena, ila anataka bafle moja tu. Fundi, moja ni nusu ya bei?

Fundi sono
Moja ni dola kumi. Karatasi iko wapi?