Mjamzito mwenye VVU ana dengi: homa imeshuka, aruhusiwe?

Mkunga_zamu: Wakuu, naomba ushauri. Mjamzito wa wiki 30, anatumia TLD (kidonge kimoja chenye ARV tatu), virusi vimefubazwa. Homa siku ya 4, malaria hasi, NS1 (kipimo cha protini ya kirusi cha dengi) chanya. Leo joto 37.2, chembe sahani (za kugandisha damu) 95,000, anasema kapata nafuu na anataka kwenda nyumbani.

Tabibu_wodini: Asiruhusiwe hata kidogo. Hatari ya dengi huanza pale homa inaposhuka, siku ya 3 hadi ya 7. Kwa saa 24 hadi 48 mishipa midogo huvujisha maji ya damu huku mgonjwa akionekana yuko sawa. Angalia maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au ukeni, kulegea. Presha ya juu ukitoa ya chini ikibaki 20 au pungufu, huo ni mshtuko, yaani damu haizunguki vya kutosha.

Wengi hukosea kwenye hematokriti (asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu). Ujauzito wenyewe huishusha, kwa hiyo 39 inaweza kuonekana nzuri kumbe imepanda kutoka 32, zaidi ya asilimia 20, ishara kwamba maji ya damu yanavuja. Fungua kadi yake ya kliniki, linganisha na ya kwake mwenyewe. Chembe sahani vilevile, maana VVU navyo huweza kuzishusha.

Mfamasia_K: ARV asiache hata dozi moja. Madini chuma anywe pamoja na TLD wakati wa chakula. Tumbo likiwa tupu, TLD itangulie kwa saa 2. Homa ikirudi, parasetamoli tu, isizidi gramu 4 kwa siku. Diklofenaki, ibuprofeni na sindano za msuli, hapana. Kama yuko kwenye aspirini ya kuzuia kifafa cha mimba, daktari aambiwe leo.

Mkunga_zamu: Asante sana. Uchungu ukianza je?

Tabibu_wodini: Asianzishiwe uchungu wala kupasuliwa kwa kupanga kipindi hiki, atatoka damu nyingi. Ukija wenyewe, damu ya kumwongezea iwe tayari, na mtoto afuatiliwe siku kadhaa kwa homa na chembe sahani, kwani mama huweza kumwambukiza.

Maabara_2: Niongeze: NS1 ingekuwa hasi, isingetosha kuiondoa dengi, IgM (kingamwili) hupimwa kuanzia siku ya 5. Ila IgM ya dengi huchanganyikana na ya zika, kirusi kingine cha mbu kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni, na kwa mjamzito hilo si dogo. Zika itafutwe kwa PCR (kipimo cha vinasaba vya kirusi), damu pamoja na mkojo, mapema iwezekanavyo baada ya dalili kuanza.

Na alale ndani ya chandarua mchana pia. Mbu wa dengi, Aedes, huuma mchana, akimuuma yeye ataipeleka dengi kwa wa kitanda cha pili.