Usaili wa Mtendaji wa Kijiji Daraja la III: maswali hutoka wapi, na kanuni za siku ya mtihani ni zipi?

Mwana wa Uyole ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Nimehitimu Astashahada ya Utawala wa Serikali za Mitaa katika Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, na sasa jina langu limo kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili wa mchujo wa Mtendaji wa Kijiji Daraja la III katika mojawapo ya halmashauri za mkoa wetu wa Mbeya. Tangazo limeeleza tarehe, ukumbi na saa ya kufika, lakini halikusema lolote kuhusu masomo yatakayotahiniwa. Tangu majina yatoke nimekuwa nikitumiwa kwenye magrupu ya simu mafaili ya "nondo", na kila anayeyatuma huapa kwamba ndiyo yaliyotoka mwaka jana. Faili moja limejaa hesabu za mafumbo, jingine miji mikuu ya nchi za Afrika, na jingine ni vifungu vya sheria kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie kujua ni mambo gani hasa hutahiniwa katika kada hii, na alama ngapi humvusha mtu kwenda kwenye mahojiano. Pia nina jambo linaloninyima usingizi: katika matokeo yangu ya kidato cha nne jina langu la kwanza limeandikwa "Anyelwisye", ilhali katika kitambulisho cha Taifa limeandikwa "Anyalwisye". Je, naweza kuzuiwa mlangoni kwa sababu ya herufi moja?

Mtendaji Kilolo amejibu:

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kuitwa. Weka pembeni mafaili yote hayo kwanza, kisha ufungue tena tangazo la nafasi za kazi, lile la awali uliloombea, siyo hili la kuitwa kwenye usaili. Chini ya jina la kada utakuta kichwa cha habari "Majukumu ya kazi", na hiyo ndiyo mitaala yako. Watu wengi husoma sehemu ya sifa za mwombaji, wakaona wanazo, wakaruka majukumu, kisha wakaanza kuhangaika kutafuta masomo ya mtihani kwa watu wasiowajua.

Chukua majukumu ya Mtendaji wa Kijiji moja baada ya jingine, ujiulize kila jukumu limesimama juu ya sheria gani. Tangazo husema kwamba wewe ni Afisa Masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha, na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji. Basi ujue fedha ya kijiji huingiaje, hukatiwa stakabadhi na nani, na nani huisomea hesabu. Tangazo husema wewe ni Katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Hapo uingie katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, iliyotungwa kama Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, usome muundo wa Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, tofauti yake na Mkutano Mkuu wa Kijiji ambao ni wa wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18, pamoja na kamati zake tatu za kudumu: ya fedha na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Tangazo husema utasimamia utungaji wa sheria ndogo za kijiji; ujue kwamba Halmashauri ya Kijiji huandaa, Mkutano Mkuu hujadili, na Halmashauri ya Wilaya ndiyo huidhinisha, na kwamba kabla ya idhini hiyo huwezi kumtoza mtu faini hata ya shilingi elfu moja kwa kisingizio cha sheria ndogo. Mwishoni husema utawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Basi ujue pia Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwamba mwenyekiti wake ni Diwani na katibu wake ni huyo Mtendaji wa Kata.

Ongeza Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kwa sababu huku kwetu nyanda za juu kazi ya mtendaji karibu yote ni ardhi na mipaka. Usiache Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, ambao watatu kati yao ni wanawake, wala mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa upande wa utumishi kwa jumla, soma Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, hasa mahali panapohusu muda wa majaribio, likizo, nidhamu na kustaafu. Hapo nondo za kwenye simu hupotosha sana: nyingi bado zinafundisha OPRAS kama mfumo wa kupima utendaji kazi wa mtumishi, wakati nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na PEPMIS.

Kijana wa Njombe amejibu:

Kwa heshima zote, kaka Mtendaji, siafiki kwamba maarifa ya jumla ni ya kutupa. Katika usaili wa kada nyingine nilioufanya kulikuwa na swali la mwaka ulioanzishwa mkoa wa Songwe na jingine la Dira ya Maendeleo ya 2050, na yote mawili hayakuwa na uhusiano wowote na majukumu ya kada ile. Zaidi ya hapo, tusidanganyane: nafasi kumi zikitangazwa, tano zina wenyewe. Huyu ndugu asome, lakini pia atafute mtu wa kumshika mkono.

Mstaafu wa Gangilonga amejibu:

Nimefanya kazi za utawala na rasilimali watu kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na sasa nipo hapa Iringa nikilima parachichi, hivyo nina nafasi ya kuandika kwa urefu kidogo.

Kijana wa Njombe ana haki kuhusu Songwe na Dira. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Njombe wenyewe ulitoka Iringa mwaka 2012, na mtu anayeomba kuitumikia Serikali katika kanda hii akishindwa kuyasema hayo atawashangaza wasaili. Lakini maswali ya namna hiyo huwa machache, na mtu anayesikiliza taarifa ya habari kila jioni huyajibu bila kukesha.

Kuhusu "wenyewe", sitasema kwamba upendeleo haujawahi kuwapo katika nchi hii. Nasema tu kwamba utaratibu huu wa mitihani uliwekwa kwa ajili ya kuubana. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2007, na hayo ndiyo yaliyoleta Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ili mwajiri asibaki peke yake akitangaza, akisaili na kuajiri ndugu zake. Mtihani wa maandishi una faida moja ambayo mahojiano hayana: karatasi hubaki, na alama zake zinaweza kuulizwa. Kijana anayetumia miezi yake kumtafuta wa kumshika mkono huishia mara nyingi mikononi mwa matapeli wanaodai fedha "ya kupitisha jina", na nimewaona wazazi wakiuza ng'ombe kwa ajili hiyo.

Ushindani wenyewe nao ni mkubwa kiasi kwamba mchujo hauepukiki. Wapo watakaokumbuka Juni 2014, waombaji zaidi ya 10,000 walipojaa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita laki moja. Hata walimu, ambao zamani walipangiwa vituo bila kutahiniwa, walianza kuingia kwenye usaili mwanzoni mwa mwaka huo. Ndiyo maana swali lako la alama, mwanangu, lina majibu mawili. Hamsini ni alama ambayo chini yake huna la kudai. Lakini atakayeitwa kwenye mahojiano hupatikana kwa kupanga waliofaulu kuanzia wa juu, kulingana na nafasi zilizopo, hivyo mwenye sitini anaweza kubaki nje mahali ambapo wengi wamepata sabini. Usisomee hamsini.

Sasa nije kwenye kanuni, kwa sababu nimeona vijana wengi wenye akili wakirudishwa nyumbani kabla ya kuiona karatasi. Tangazo la kuitwa kwenye usaili huwa na ukurasa wa maelekezo ambao watu huupita haraka wakitafuta majina yao. Humo huelezwa kwamba msailiwa aje na kitambulisho kinachotambulika, kama cha Taifa, cha mpiga kura, hati ya kusafiria au leseni ya udereva. Kwamba aje na vyeti halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita kwa aliyefika huko, hadi cha taaluma. Na kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, pamoja na matokeo ya muda ya chuo, havitakubaliwa. Wewe umeandika "katika matokeo yangu ya kidato cha nne". Nimeyasoma maneno hayo mara mbili. Je, cheti chenyewe unacho, au una ile karatasi ya matokeo tu?

Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, yaani NECTA kwa sekondari, na TCU au NACTVET kwa vyuo. Chakula, nauli na malazi ni juu yako mwenyewe. Namba ya mtihani, kama ipo kwenye akaunti yako ya mfumo wa maombi, inakili mapema, maana pale ukumbini hakuna atakayekutafutia, na mtandao siku hiyo huzidiwa na watu.

Kuhusu majina: tofauti ya herufi moja ni tofauti, na msimamizi wa mlangoni hana mamlaka ya kuamua kwamba Anyelwisye na Anyalwisye ni mtu mmoja, hata kama yeye mwenyewe ni mtu wa Tukuyu na anafahamu fika kwamba ni kosa la mwandishi. Maelekezo huwataka wenye majina yanayotofautiana waje na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na wapo wanaodhani kwamba kiapo cha mahakamani peke yake kinatosha. Nenda kwa wakili, umweleze kwamba ni kwa ajili ya usaili wa Serikali, akuandalie hati kamili, na uanze kesho asubuhi.

Dada wa Mafinga amejibu:

Nawashukuru waliotangulia. Mimi nitagusa mahojiano tu, kwa kuwa nilipitia huko katika kada hiyohiyo. Wasaili hawakuniuliza kifungu hata kimoja kwa namba. Waliniambia hivi: wananchi wa kijiji chako wanalima vinyungu, yaani bustani za bondeni, hadi ukingoni mwa mto, Mwenyekiti wa Kijiji naye ana kinyungu chake palepale, na Ofisa Mazingira wa wilaya anakuja keshokutwa, utafanya nini?

Aliyekariri angejibu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, halafu akanyamaza. Jibu hilo ni sahihi, lakini walikuwa wakisubiri kuona kama ninaijua nafasi yangu: kwamba mimi si polisi wa kung'oa mahindi ya watu, kwamba naitisha kikao cha Halmashauri ya Kijiji na kuandika muhtasari, kwamba jambo linalomgusa Mwenyekiti binafsi silifichi wala silipeleki kwenye kilabu cha ulanzi bali nalitolea taarifa kwa Mtendaji wa Kata, na kwamba wananchi wanaelezwa muda wa kuvuna kabla ya kuondoka. Nilipotaja muhtasari, mmoja wao aliinua uso na kuniuliza utaandikwaje, nami nikaeleza kuanzia mahudhurio hadi saini. Kwa upande wa Mbarali wanaweza kukuuliza mifugo iliyoingia kwenye mashamba ya mpunga badala ya vinyungu, lakini njia ya kujibu ni ileile.

Mwana wa Uyole ameandika tena:

Nawashukuru sana wote, na hasa wewe, mzee wangu wa Gangilonga, kwa jicho lako. Ni kweli, nilichonacho ni karatasi ya matokeo. Cheti sijawahi kukifuata, kwa kuwa shule ipo Kyela na Hombolo walinipokea kwa karatasi hiyohiyo. Je, inawezekana cheti chenyewe kimeandikwa tofauti na karatasi?

Mstaafu wa Gangilonga amejibu:

Kwa kawaida huandikwa sawasawa, kwa sababu majina yote hutokana na usajili uliofanyiwa shuleni, lakini usimpeleke wakili karatasi ya matokeo ukategemea bahati. Panda gari la Kyela kwanza, ukachukue cheti, kisha ndipo hati ya jina iandikwe kwa kufuata cheti hicho. Nenda na kitambulisho pamoja na namba yako ya mtihani wa mwaka ule, na umpigie simu mkuu wa shule kabla ya kuondoka Uyole, ili usifike ukaambiwa kwamba mwenye funguo za kabati la vyeti yupo kwenye semina Mbeya.