Kwa nini wauguzi wanaoishi kijijini kwetu wanafanya kazi Tanga mjini?

Mkazi wa Muheza

Ndugu zangu, assalaam aleykum. Ninaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, kando ya barabara ya lami iendayo Tanga. Hapa kwetu wanaishi wauguzi watatu, na kila alfajiri nawaona kituoni wakingojea basi la mjini, ilhali zahanati yetu, ambayo wananchi tuliichangia mawe, mchanga na nguvu zetu, ina muuguzi mmoja tu. Mwezi uliopita mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu usiku wakati muuguzi huyo amesafiri kikazi, ikabidi mama wa watu apakiwe kwenye bodaboda hadi Muheza mjini. Nauliza kwa nia njema: kwa nini wenzetu hawa wanaipita zahanati iliyo mlangoni pao?

Muuguzi wa zamu

Wa aleykum salaam, kaka. Mimi ni mmoja wa hao wanaoipita zahanati, na swali lako limenigusa. Zahanati zipo chini ya halmashauri, na halmashauri zipo chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa; hospitali ya rufaa ya mkoa, ninakofanya kazi, ipo chini ya Wizara ya Afya. Kwa hiyo nikiomba kurudi kijijini kwangu nakuwa nimeomba kuhama kutoka mamlaka moja kwenda nyingine, na kama hakuna nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, barua hulala. Nimekwisha kuandika mbili.

Mshahara hautupi sababu kubwa, maana ngazi za TGHS, yaani za mishahara ya watumishi wa afya serikalini, ni zile zile mjini na shamba. Kazi yenyewe ndiyo inayotofautiana. Hospitalini nikishakabidhi ripoti ya zamu, wodi iko mikononi mwa mwenzangu, na jambo likinizidi yupo daktari wa kumwita. Muuguzi aliye peke yake zahanati hupima wajawazito, huchanja watoto, hugawa dawa, hujaza vitabu vya MTUHA vya kumbukumbu za huduma, kisha usiku hugongewa mlango akazalishe, na asubuhi wagonjwa wanamsubiri barazani. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, hana damu ya kumwongezea wala mtu wa kumshikia taa. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko safari ya basi.

Mjumbe mstaafu wa kamati ya zahanati

Binti yangu amesema kweli. Mpango wa serikali wa kuendeleza afya ya msingi (MMAM) ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, nasi tukajenga kwa moyo, lakini kuta zilisimama mapema kuliko watumishi walivyopatikana. Kinachonisikitisha ni kwamba vijiji vingine tunahangaika kujenga nyumba ya mtumishi ili mgeni akubali kukaa, na hapo kwenu watatu wana nyumba na mashamba yao ya machungwa tayari. Kamati yenu imwandikie mganga mkuu wa wilaya kupitia mtendaji wa kijiji, iombe nafasi ya pili ya muuguzi, na ieleze wazi kwamba wapo wakazi walio tayari kuhamia.

Mkazi wa Muheza

Ahsante sana mzee wangu, nitalifikisha kwenye kamati. Dada, nafasi hiyo ikipatikana, utakuja?

Muuguzi wa zamu

Tukiwa wawili, nitakuja. Siku kamati itakapopeleka barua yake, nami nitapeleka ya tatu.